Siku Malkia wa Nchi Kame Alipovuja Jukwaani

Wale waliokuwa ukumbini siku ile wakinikuta madukani huku ughaibuni, mtaa wa Thornton Heath, bado wananiita Malkia huku macho yao yako kwenye sketi yangu, kwa hiyo heri niseme mwenyewe, mkicheka mcheke nikiwepo.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, lakini majira ya baridi yakifika najiunga na kikundi cha maigizo cha mtaani, watu wa kawaida tu, tunazunguka na mchezo mmoja kwenye kumbi za makanisa mpaka baridi iishe. Msimu wa kwanza nilivuta pazia. Wa pili nilikuwa mti (mti hausemi, unasimama tu na kuwashwa pua). Msimu uliopita Carol, mwongozaji wetu, akanipa umalkia, tena malkia mwenye maneno ya kusema, nami nikautangazia ukoo mzima hadi Voi. Hata binti yangu Neema, ambaye ana miaka kumi na minne na huona haya nikiongea Kiingereza changu mbele ya wenzake, alikubali kuja, na akaja na marafiki wawili wa shule. Hao watatu ndio niliowaogopa kuliko ukumbi mzima.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa nchi iliyokauka, mvua imegoma, na mfalme na malkia wanatafuta maji tangu mwanzo hadi mwisho. Mfalme alikuwa Mzee Harish, mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa na duka mtaa wa Tooting kabla ya kustaafu, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

Basi Jumamosi aliyokuja Neema, alasiri, tukakuta mitambo ya joto ya ukumbi imekufa, na gauni langu la kimalkia lilikuwa jepesi kama chandarua. Carol akauliza kama kuna anayesikia baridi sana, maana alikuwa na makoti na sweta kwenye gari. Mimi nikasema niko sawa kabisa (malkia atalalamikaje), halafu nikajipenyeza jikoni, nikachemsha maji, nikajaza ule mfuko wa mpira ambao watu hulala nao, nikaufunga tumboni kwa leso chini ya gauni. Raha niliyoipata acheni tu. Wenzangu wanatetemeka, mimi natabasamu peke yangu.

Tulianza vizuri. Kisha ikafika pale mfalme anapomkumbatia malkia kwa huzuni, na Mzee Harish si mtu wa kukumbatia kwa ncha za vidole, alinibana kwa moyo wote, nikasikia kizibo kimefyatuka. Bahati maji yalikuwa yamepoa, yamebaki vuguvugu, lakini yalikuwa mengi, yakashuka miguuni, yakajaa kwenye viatu, yakaanza kutambaa jukwaani kuelekea kwa watazamaji, na mdomo wangu, ambao ulikuwa umekariri maneno kwa miezi, ukaendelea wenyewe: "Mfalme wangu, katika nchi hii halijabaki hata tone moja."

Ukumbi mzima ukayatazama maji. Hapo kitoto cha kike cha mstari wa mbele kikamuuliza mama yake, kwa sauti safi kabisa, mbona malkia amejikojolea.

Kicheko kilichofuata sikielezi. Nikarudi nyuma, nikakanyaga maji, nikateleza, nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, na kitu hicho kilikuwa lile pazia la nyuma lililochorwa jangwa, likang'oka lote likatufunika mimi na mfalme.

"Mama Neema," Mzee Harish akaninong'oneza humo gizani, "umeumia? Haya maji ni ya nini?"

"Ni mfuko wa maji moto, mzee."

Nikasikia mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Akatoa kichwa nje ya jangwa, akawatangazia watu kwa Kiingereza chake cha kifalme kwamba malkia ameleta mvua. Wakapiga makofi mpaka viti vikalia. Tatizo ni kwamba nusu nzima ya mchezo ilikuwa bado, na yote ni ya kutafuta maji. Carol akafunga pazia la mbele, akatangaza mapumziko.

Nikakaa juu ya sanduku la mavazi, nalia, nikamwambia Carol atafute mwingine asome sehemu yangu, mimi naenda nyumbani. Carol akaendelea kupiga deki. Ndipo Neema akaingia. Nikajua amekuja kuniaga. Badala yake akafungua begi lake, akatoa suruali yake ya michezo ya shule.

"Vaa hii."

"Na marafiki zako?"

"Wamekaa. Wanataka kuona mtafanya nini, maana maji mmeshapata."

Nilimtazama Mzee Harish, naye akanitazama.

Pazia lilipofunguka nilitoka na suruali ya shule inachungulia chini ya gauni, nikasema maneno ambayo hayakuandikwa na mtu: "Mfalme wangu, ile mvua ilininyeshea mimi peke yangu. Wananchi bado wana kiu."

Walicheka, lakini safari hii walicheka kisha wakatulia wakanisubiri niendelee. Sijawahi kusikilizwa vile tangu niingie nchi hii. Mvua ya kweli ya mchezo iliponyesha mwishoni (kipande cha bati kikigongwa nyuma, na utepe wa buluu) ukumbi mzima ulisimama.

Tukiwa kituoni tunangoja basi, soksi zangu zimo kwenye mfuko wa plastiki, Neema akauliza huku anatazama barabara, "Msimu ujao wanachukua watu wa miaka kumi na mitano?"

"Nitamuuliza Carol," nikamwambia. "Lakini nikikuombea nafasi, unaniahidi kitu kimoja. Ukisikia baridi, sema."