Usimwahidi Mtu Nywele

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kichwa cha mtu. Mwenye saluni, tuliyemwita Mama Mkubwa, alinikabidhi mwiko na sufuria ya mafuta ya nyonyo yenye majani ya rozimeri, imekaa ndani ya sufuria nyingine ya maji ya moto. "Koroga, usiharakishe," akasema. "Yakiungua yananuka, na mteja ananuka nayo." Nikakoroga asubuhi nzima, mvuke ukipanda, Mlima Meru ukijitokeza na kujificha dirishani, hadi nikasahau kama nimekuja kufanya kazi au kulala.

Saluni ilikuwa Usa River, njia ya kwenda Makumira. Wateja wetu hawakuja kusuka. Walikuja kwa sababu nywele zilikuwa zinawatoka. Walivua vilemba na mawigi nyuma ya pazia, kwa aibu, nasi tukawapaka mafuta ya vuguvugu kwa ncha za vidole, tukiizungusha ngozi ya kichwa bila kuzisugua nywele. Wengi walisinzia. Mwalimu mmoja alikuwa akikoroma kabla sijafika kisogoni. Niliupenda mno ule utulivu, wanangu.

Mama Mkubwa alikuwa na sheria moja. "Usimwahidi mtu nywele. Mwahidi mafuta safi na mikono ya taratibu. Mengine anajua Mungu." Siku hizi naona kwenye simu watu wanaapia juisi ya kitunguu, wananuka kama jiko la harusi, nabaki nacheka peke yangu.

Baadaye nilifungua chumba changu Kwa Mrombo, na huko ndiko sheria ile iliponielemea. Alikuja Naserian, binti wa Kiarusha aliyekuwa amechumbiwa. Rasta za kubana, alizosukwa tangu utotoni, zilikuwa zimemaliza nywele zote za mbele. Nikapitisha kidole gumba pale. Mahali ambapo nywele bado zinaweza kurudi, ngozi hukwaruza kidogo. Yake ilikuwa laini, inang'aa.

"Mama, harusi ni baada ya mavuno," akasema. "Zitakuwa zimeota? Mwenzangu hajawahi kuniona bila wigi."

"Nitakupaka," nikamwambia, "lakini hapa mbele, mwanangu, sidhani kama zitarudi."

Alilia kimyakimya huku nikimpaka, nami nilitamani ningekuwa mwongo.

Mara ya pili alikuja na bibi yake, aliyemwita Koko, mfugaji kutoka upande wa magharibi wa mlima. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kimepakwa mafuta, kimezungushiwa shanga.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba. Mnapika nini?"

"Dawa ya kuotesha nywele."

Bibi alicheka hadi akashika kiti. "Kuotesha? Mimi maisha yangu yote nazitoa!" Kisha akainamisha kichwa mbele ya mjukuu wake. "Shika."

Naserian alikishika. Alikaa hivyo muda mrefu, kiganja chake kikitembea juu ya utosi ule kama mtu anayeota ndoto. Halafu akaniuliza, "Mama, una wembe mpya?"

Nilimnyoa pole pole, nikampaka mafuta yaleyale niliyoyapikia nywele. Koko akavua shanga zake, akamvika. Jioni ile alienda kwa mchumba wake bila wigi. Aliniambia baadaye kwamba kijana aliuliza kama anaruhusiwa kushika. Kanisani aliingia hivyohivyo, na akina mama wa kwaya wakawa wanarekebisha mawigi yao.

Sasa nimestaafu. Vidole vimekakamaa, na utosi wangu mwenyewe umebaki wazi. Naserian, ambaye hajafuga nywele tena, huja na bakuli la mafuta ya moto, ananikalisha dirishani. Juzi mlima ulikuwa umejificha.

"Hapa juu ni peupe, Mama," akasema, "lakini nikipaka kila wiki, labda..."

"Usiniahidi nywele," nikamkatiza.

Akacheka. "Haya. Basi sinzia."