Kuja Kuangalia Ni Bure

Waliomjua Kavinya enzi alipokuwa karani wa stoo katika kiwanda cha magunia wanasema alikuwa mtu wa kucheka upesi na kusamehe upesi zaidi. Kiwanda kilipopunguza watu, alichukua kiinua mgongo chake akanunua friza, akaiweka sebuleni kwake Komarock, akaanza biashara ya matumbo na vichwa vya mbuzi. Kila Jumanne na Ijumaa alidamka kwenda Kiamaiko, akanunua kwa wachinjaji, akarudi na ndoo zake kugandisha. Wanawake wanaopika supu mitaa ya jirani wote waliujua mlango wake. Friza hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake Marion kutoka shule ya msingi hadi sekondari. Mume alikuwa amekwenda zake Mombasa na mwanamke mwingine, na jina lake halikutajwa nyumbani ila siku za kujaza fomu za shule.

Jumamosi moja ya Januari, friza ikanyamaza. Ndani mlikuwa na kilo arobaini za nyama. Jirani akampa namba ya Nabiswa, fundi wa friji aliyekuwa na duka kando ya Kangundo Road, hatua mia tatu hivi kutoka kwake.

"Pesa ya kuja ni elfu moja mia tano," Nabiswa akasema kwenye simu. "Unalipa nikifika, kabla sijafungua kitu."

"Hata kama haitatengenezeka?"

"Mathe, hiyo ni ya miguu na macho. Kutengeneza ni hesabu nyingine."

Akalipa. Nabiswa akaivuta friza kutoka ukutani, akapitisha mkono mgongoni mwake, akachomeka waya, akasikiliza, akachomoa. Marion aliyekuwa jikoni alisema baadaye kwamba ukaguzi wote uliisha maji ya ugali hayajachemka.

"Kompresa imekufa," fundi akatangaza. Mpya ni elfu kumi na nne, gesi kando. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki hiyo, na Kavinya hakuwa na hata nusu yake. Nabiswa akajikuna kidevu kama mtu anayeumia kwa niaba ya mwenzake. "Basi nikuondolee huu mzigo. Nitakupa elfu nne, niuze vyuma."

Adhuhuri mkokoteni ukaja ukaichukua. Kavinya akawagawia majirani nyama waliyoweza kupika siku hiyo, nyingine akawatupia mbwa. Harufu ilikaa ndani ya nyumba wiki nzima, na yeye akawa muuza mandazi kwenye lango la shule.

Mwezi wa nne alikwenda Kiamaiko kumpa pole mchinjaji mmoja aliyefiwa. Akitoka huko akaingia katika hoteli ya supu ya mama mmoja aitwaye Adoyo. Alikuwa amemaliza nusu bakuli alipoiona. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, inanguruma vizuri, na kwenye pembe ya kifuniko, pale ambapo Marion alipokuwa na miaka tisa aliandika jina lake kwa rangi nyekundu ya kucha, mtu alikuwa amesugua sana lakini herufi mbili za kwanza zilikuwa zimegoma kutoka.

"Una friza nzuri," Kavinya akasema.

"Wee, hiyo ni bahati yangu!" Adoyo akajibu huku akifuta meza. "Fundi mmoja wa Komarock ameniuzia elfu ishirini na mbili. Anasema ilikuwa imeharibika rilei tu, kale kadude ka kuwasha kompresa, ka shilingi mia tatu. Mwenyewe alikuwa mtu hajui, akaiachilia kama chuma."

"Mtu hajui," Kavinya akarudia. Akaimaliza supu yake yote, akalipa, akaenda moja kwa moja hadi dukani kwa Nabiswa.

Nabiswa hakukana chochote. Alikuwa na wateja watatu mbele yake, na pengine angekuwa peke yake angeona haya kidogo, lakini mbele ya watu akaona afadhali afanye mzaha. "Nilikushikia bunduki uniuzie? Uliuza, nikanunua. Na ile ya kuja ni halali yangu. Nilikuja ama sikuja?" Wateja wakacheka. "Mathe, kama unaona kazi ya macho ni rahisi, nenda ukajifunze."

"Nitajifunza," Kavinya akasema. Wakacheka zaidi.

Kwa chifu hakwenda, kwa sababu hakuwa na karatasi yoyote ya ushahidi mkononi. Alikwenda chuo kimoja cha ufundi na kuulizia darasa la friji. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Wanafunzi wenzake walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa waliompisha kiti cha karibu na dirisha wakidhani hatamaliza mwezi. Alimaliza. Asubuhi mandazi, mchana darasa, na kila alipochoka kusoma habari za waya na gesi alikumbuka kile kicheko, akafungua daftari upya.

Baada ya chuo akaenda kujifunza kazi yenyewe kwa Mzee Kisilu, fundi wa Kariobangi mwenye vidole vilivyobabuliwa na gesi kwa miaka thelathini. Kisilu hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja waliitwa mtaa wa Fedha, orofa ya nne, friji haifanyi kazi. Kisilu akaangalia nyuma, akaangalia ukutani, akabonyeza swichi. Friji ikawaka. Mwenye nyumba akaziba uso kwa aibu, na Kisilu akapokea mia tano yake bila kutabasamu.

Huko chini barabarani Kavinya akashindwa kujizuia. "Mzee, mia tano kwa kubonyeza swichi?"

"Kwa kutoka Kariobangi hadi hapa na kurudi," Kisilu akasema. "Kwa wateja waliokuja dukani sasa hivi wakanikosa. Na kwa kumwambia kwamba ni swichi. Angekuja mwingine, huyu mama angelala amenunua kompresa. Tena kungekuwa na kazi, hiyo mia tano ningeitoa kwenye bei. Mtu akikuita ukaja, umemfanyia kitu tayari."

Kavinya akaitikia kwa kichwa. Alielewa, na asije mtu akasema alifanya yale aliyoyafanya kwa sababu hakuelewa.

Alikaa kwa Kisilu miaka miwili. Kisha akakodi kibanda Komarock, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wa duka la Nabiswa. Akamlipa mchoraji aandike kwa herufi kubwa nyekundu: KAVINYA FUNDI WA FRIJI NA FRIZA. KUJA KUANGALIA NI BURE. Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo: UKIAMBIWA IMEKUFA, NIITE MIMI.

Nabiswa alitoka nje, akasoma, akasoma tena, akarudi ndani.

Wiki ya kwanza watu walikuja kwa udadisi wa kuona mwanamke aliyebeba chupa ya gesi. Wiki ya tatu walikuja kwa sababu ya lile neno bure. Kavinya alikwenda kila alikoitwa, Komarock, Kayole, hadi Fedha, na kila alipofika aliuliza swali moja kabla ya kufungua mfuko: "Nabiswa alishawahi kuja hapa?" Kama jibu lilikuwa ndiyo, alikaa chini. Alitaka kujua fundi huyo alilipwa ngapi, alisema nini, alibeba nini. Kisha alipima mbele ya mwenye nyumba, akamwonyesha namba kwenye mita, akamweleza polepole mpaka aelewe mwenyewe alivyoibiwa. Hakumtuma mtu kwenda kugomba. Aliwasha tu kiberiti na kusimama kando. Jioni, akiwa amekaa kwenye stuli ya kibanda chake na kikombe cha chai, aliwatazama wakivuka barabara mmoja mmoja kwenda kupiga kelele mlangoni kwa Nabiswa, na chai hiyo ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kunywa.

Nabiswa akashusha pesa ya kuja ikawa elfu moja. Halafu mia tano, halafu mia mbili. Chini ya bure hakuna pa kushuka.

Lakini bure ilikuwa na meno yake. Watu walimwita Kavinya hata pale taa ya ndani tu ilipoungua. Bwana mmoja wa Fedha alimpandisha orofa sita mara tatu kwa friji ileile, na mara ya tatu akamwambia kwamba shemeji yake ameshaitengeneza kwa kufuata yale Kavinya aliyoyasema. Hakumpa hata maji. Magoti yakaanza kuuma. Nauli ya kwenda kuangalia bure ilimlia faida ya kazi za kweli, na nyumbani walirudia mboga ya sukuma siku tano kwa wiki.

"Mama," Marion akamwambia, sasa akiwa msichana mkubwa anayefanya kazi ya keshia, "hii biashara inamlipa nani?"

"Inamlipa Nabiswa," Kavinya akasema. "Namlipa kidogo kidogo."

Halafu akaja Mzee Kisilu. Alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa koti la Jumapili, akakataa kiti.

"Mama Marion, wateja wangu wa Fedha wameniacha. Wananiambia wewe unakuja bure, kwa nini mimi niwatoze. Mtu niliyemfanyia kazi miaka kumi ananiita mwizi kwenye simu kwa sababu ya mia tano."

"Mzee, unajua ninayemtafuta."

"Najua. Lakini risasi yako inanipitia mimi kwanza."

Kavinya akatazama ng'ambo ya barabara. Nabiswa alikuwa amekaa mlangoni peke yake, mikono mapajani. Zamani saa kama ile alikuwa na foleni. "Nipe miezi miwili, Mzee. Amebaki kidogo tu aanguke."

Kisilu akafunga vifungo vya koti lake. "Nilikufundisha kazi," akasema. "Hii sikukufundisha." Akaondoka kwa miguu.

Usiku huo Kavinya hakupata usingizi, lakini asubuhi alifungua kibanda na lile bango hakuligusa.

Wiki chache baadaye Nabiswa mwenyewe akavuka barabara. Alikuwa amekonda, na badala ya lile mathe la mtaani sasa alimwita kwa heshima. "Mama Marion, nimekuja tuongee." Akaweka bahasha juu ya meza, kati ya bisibisi. "Kuna elfu kumi na tisa na mia mbili. Ni ile faida niliyoipata kwa friza yako, na ile ya kuja siku ile. Chukua, halafu uweke bei yoyote ya kuja. Hata mia tatu. Tule sote."

Pesa hiyo Kavinya aliihitaji. Kodi ya kibanda ilikuwa imechelewa. Akaisukuma bahasha kwa ncha ya bisibisi mpaka ikafika ukingoni mwa meza.

"Siku ile ulikuwa na wateja watatu," akasema. "Mmoja alikuwa na kofia ya bluu. Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Unawakumbuka?"

"Sikumbuki."

"Mimi nawakumbuka. Walete hapa, uwarudishie kicheko chao mbele yangu, ndipo tuongee habari ya bahasha."

"Hilo haliwezekani."

"Basi funga."

Alifunga mwisho wa mwezi. Alipakia kompresa zake kuukuu kwenye mkokoteni, na Kavinya akatoa stuli nje, akaketi, akatazama kuanzia kitu cha kwanza hadi cha mwisho. Jirani mmoja akamuuliza kama haoni huruma. Akajibu kwamba aliitafuta huruma moyoni asubuhi hiyo na hakuipata. Wala hakusema uongo. Alichosikia kifuani kilikuwa kama baridi inayoingia ndani ya friza iliyotengenezwa: taratibu, mpaka kila pembe.

Kesho yake akalifuta bango. Akaandika kwamba kuja ni shilingi mia tano, na ukitengenezewa inatolewa kwenye bei. Watu walinung'unika siku kumi, wengine wakamwambia kwamba naye amekuwa kama wenzake. Aliwajibu kwa maneno ya Kisilu, neno kwa neno, bila kutaja yalikotoka.

Kisha akapanda bodaboda hadi Kariobangi. Duka la Kisilu lilikuwa limegawanywa katikati. Nusu moja sasa ilikuwa ya kinyozi. Mzee alikuwa anasafisha bomba la shaba na hakuinua kichwa.

"Nimeweka mia tano, Mzee. Na wateja wa Fedha nimewaacha wote. Wakinipigia nawapa namba yako."

"Wameanza kupiga," Kisilu akasema.

Kavinya akachukua kitambaa, akaanza kumsaidia kusafisha, na Kisilu hakumkataza. Wakafanya kazi hivyo muda mrefu, kinyozi akinguruma na mashine yake upande wa pili.

"Nabiswa nimesikia yuko Njiru," Kisilu akasema hatimaye. "Anatengeneza redio kando ya barabara. Mtu huyo ana watoto wanne."

"Najua," Kavinya akasema. "Alipobeba friza yangu mimi nilikuwa na mmoja, na hakuniuliza."

Kisilu akatikisa kichwa. Kavinya akaliweka bomba mezani, akafuta mikono, akatupa mfuko wake begani. Kulikuwa na mtu Kayole aliyekuwa anamngoja, na alikuwa ameshalipa pesa ya kuja.