Maziwa na Bunduki ya Rangi

Wiki niliyorudi kutoka likizo ya uzazi, bunduki ya rangi ilianza kunipiga shoti mkononi. Fundi mkuu hakuikagua bunduki. Alinikagua mimi.

Karakana yetu iko Kimandolu. Tunapaka mageti rangi ya unga: bunduki inaupa unga umeme mkali, geti linafungwa waya wa ethi unaozama ardhini, unga unarukia chuma na kukishika mpaka uingie oveni. Wiki hiyo haukushika. Ulidondoka sakafuni kama unga wa ugali uliomwagwa na mtoto. Maana yake umeme ulikuwa unavuja njiani kabla ya kufika kwenye ncha.

Fundi mkuu ni mzee wa kanisa kutoka Nkoaranga, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Akawatangazia watu wote kwamba mwanamke anayenyonyesha ana maji mengi mwilini, na maziwa yanavuta umeme. Akamwomba bosi anitoe kwenye bunduki, kazi niliyoifanya miaka mitatu. Nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne. Sikumbuki ukurasa wowote unaotaja matiti.

Nikaomba siku moja nitafute kosa. Nikakwangua rangi iliyoganda kwenye kulabu za kuning'inizia mageti. Nikakaza waya wa ethi. Nikamwaga maji ya kwenye kompresa inayosukuma unga kwa upepo, maana asubuhi za ukungu wa Meru kila kitu kinalowa. Shoti ikabaki palepale. Nikamwomba fundi aishike bunduki yeye mwenyewe. Akaishika, ikampiga, akaiachia.

"Sasa mzee, na wewe unanyonyesha?"

Watu wakacheka. Yeye akafuta kiganja kwenye ovaroli, taratibu.

"Umeyaacha humo maziwa yako, mama."

Nikazima mashine, nikagusisha ncha ya bunduki kwenye ethi ili umeme uliobaki utoke, nikaifuata kebo kwa vidole. Nyuma ya kibanda cha kupulizia, inapolalia chuma, ilikuwa imezungushiwa utepe wa rangi ya fedha, ule wa kuzibia matundu ya bati. Utepe huo ni alumini. Kebo ilipasuka nikiwa likizo, naye fundi akaifunga kama anavyofunga bati la kwake kila masika. Umeme ukapata barabara ya kwenda kwenye chuma cha kibanda. Nikafunga kebo mpya kutoka stoo, unga ukashika geti kama ngozi.

Bosi alipofika, fundi alishamwambia kwamba wamebadilisha kebo. Wamebadilisha! Nikampa bosi ule utepe. Akaugeuzageuza, akasema mzee ana heshima zake, tusimwaibishe. Halafu akasema, kwa usalama, nikae kwenye msasa mpaka mtoto aache ziwa.

Mtoto sasa anatembea, bado ananyonya, na simwachishi kwa ajili yao. Fundi ndiye anayepuliza. Hajui kwamba kwenye kona unapunguza umeme, la sivyo unga hauingii. Mageti yanatoka oveni na kona tupu, yanaletwa kwangu, nayapiga msasa upya.