Mahali Ambapo Mbwa Haulizwi Kabila

Tangu theluji ilipoanza kuyeyuka, jirani yangu Lavonne Kucera alikuwa na kazi moja tu: kutafuta mahali pa kwenda kupumzika. Kazi hiyo nusura immalize.

Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na la kwake, na katika mtaa wetu hapa Nebraska hatufungi madirisha mpaka joto lituchape kweli kweli. Kwa hiyo nilisikia yote. Wala sikutega sikio. Delmar, mumewe, aliendesha malori ya mahindi maisha yake yote, na mpaka leo anaongea kama mtu anayebishana na injini.

Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakienda ziwa lilelile kule Minnesota na gari-nyumba lao, kitanda ndani, jiko ndani, mbwa wawili ndani. Mwaka huo mwenye kambi akauza, na wamiliki wapya wakatangaza kwamba mbwa wakubwa hawapokelewi tena. Basi, ziwa likafa hivyo.

Mbwa mkubwa ni Otto. Ana kichwa kama ndoo na kifua cha mlinzi wa benki, na moyo wa kifaranga. Anaogopa radi, anaogopa mfuko wa plastiki ukipeperuka, anamwogopa paka wangu ambaye hana meno. Tena amezeeka, miguu ya nyuma imemchoka, akisimama lazima kwanza afikirie. Yule mdogo, Pip, hana kazi ila kumbwekea kila mwenye kofia, na hapa kwetu kila mwanamume ana kofia.

"Chagua wewe, mama," Delmar alimwambia. "Popote utakaposema, mimi kazi yangu usukani."

Maneno matamu hayo. Nilikuwa nimekaa mezani kwa Lavonne nakunywa kahawa, na nilimwona jinsi alivyofumba macho aliposikia.

Alianza kupiga simu kambi moja baada ya nyingine. Kwanza wanauliza urefu wa gari. Halafu wanauliza kama kuna mbwa. Halafu linakuja lile swali lenyewe: mbwa wenu ni kabila gani?

"Sema Labrado, hao hawaogopwi!" Delmar alinong'ona kutoka kwenye kochi, na mnong'ono wake ulisikika mpaka barabarani.

"Amechanganya," Lavonne akasema kwenye simu. "Nusu yake ni rotwaila, wale wa ulinzi." Akasikiliza. "Ndiyo, naelewa. Hapana, hana shida. Haya, ahsante, bwana." Akaweka simu chini.

"Ungesema Labrado ungepungukiwa nini?"

"Tukifika langoni wakamwona?"

"Tunamfunga kitambaa chekundu shingoni. Mbwa mwenye kitambaa nani atamwogopa?"

"Delmar, hata umvalishe gauni la harusi, kichwa ni kilekile."

Otto alikuwa amelala chini ya meza. Aliposikia jina la bwana wake likitajwa kwa sauti ile akapiga mkia sakafuni, akadhani anasifiwa.

Na pale ambapo Otto alikubaliwa, Delmar alikataa. Milimani, akasema, hifadhi haziruhusu mbwa kwenye njia za kupandia, tumfunge kwenye mti kutwa kama mbuzi? Kusini lami inaunguza nyayo. Kando ya mto kuna kupe. Kambi fulani ilikuwa na nyasi na kivuli na uwanja wa mbwa kukimbia, Lavonne akachangamka kidogo, Delmar akatazama picha akasema majirani wamebanana mno, mtu akikoroma mwenzake anamwambia lala upande.

"Mchagua nazi hupata koroma," nilimwambia.

"Jirani, wewe kunywa kahawa."

Nilikasirika, nasema kweli. Si kwa ajili yangu. Lavonne alipika kwenye shule ya msingi ya hapa mjini mpaka alipostaafu. Nusu ya watu wazima wa mji huu wamekula mkononi mwake. Nyumbani alilea watoto watatu na mama mkwe aliyekuwa haambiliki. Siku moja tulikuwa tunamenya viazi kwenye ngazi za nyuma, Delmar hayupo, akaacha kumenya.

"Arlys, unajua mimi sijawahi kwenda likizo?"

"Wewe? Kila kiangazi hauko!"

"Huwa nahamisha jiko tu."

Akaendelea, polepole, macho kwenye kiazi. Kule ziwani Delmar anavua samaki, anapiga soga na wanaume, wajukuu wanakuja kuogelea. Yeye anapika kwenye jiko dogo kuliko la nyumbani, anafagia mchanga kwenye sakafu ndogo kuliko ya nyumbani, anakausha mbwa. Wakirudi, anafua wiki nzima. "Nimechoka," akasema. "Sio mwili. Mwili ungelala ukapona."

Kisha akaniambia kuhusu Tobin Fork. Ni kimji kidogo, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka kwetu, na kina bustani ya mji yenye nafasi chache za magari-nyumba chini ya miti mikubwa. Nguzo ya umeme, bomba la maji, kisanduku cha kutia chochote utakachojaliwa. Miji yetu midogo mingi ina bustani za namna hiyo, hakuna anayezitazama. Miaka iliyopita walipita pale wakienda kumzika shangazi, na Lavonne akaona gari-nyumba moja limeegeshwa, na mwanamke amekaa kwenye kiti.

"Anafanya nini?"

"Hakuna. Hasomi, hafumi. Amekaa." Akacheka kwa aibu. "Nilimwonea wivu, Arlys, na mimi naenda mazikoni."

"Mwambie Delmar."

"Nilishamwambia. Akauliza pale kuna nini? Ghala la nafaka. Anasema maghala ameyaona ya kumtosha."

Mwishowe Delmar alichagua mwenyewe, kama sote tulivyojua. Mlangoni mwa gari lao kuna ile ramani ya majimbo, ambayo ukilala jimbo fulani usiku mmoja unabandika kipande chake cha rangi. Kulala ndiko kunakohesabika, kupita hakuhesabiki, na Delmar ni mkali wa sheria hiyo kuliko padri. Michigan ilikuwa nyeupe. Basi akapata kambi ya Michigan, kaskazini kabisa, siku mbili barabarani, iliyokubali kumpokea Otto kwa sharti afungwe mdomo kila akitoka nje.

"Afungwe mdomo?" Lavonne aliuliza.

"Ni kwa wiki mbili tu, mama. Maji ya kule ni baridi, atafurahi."

"Haya," akasema. Ile "haya" yake ilinikera kuliko ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyeweka mzigo chini na kuurudisha kichwani mwenyewe.

Kabla ya safari, watu wa magari-nyumba wana desturi ya kulijaribu gari nyumbani. Unaliegesha mbele ya nyumba, unawasha kila kitu, unaona kinachovuja. Delmar alitengeneza na ubao wa kupandia kwa ajili ya Otto, akaupigilia zulia kuukuu. Otto aliunusa, akarudi nyuma, akamtazama Lavonne. Ikabidi wambebe, mmoja mbele mmoja nyuma, kama kabati.

"Anazoea," Delmar alisema akihema.

Jumapili walialikwa sherehe ya mjukuu wa kaka yake Delmar, aliyemaliza shule ya sekondari. Jua lilikuwa kali la mwezi wa sita, upepo hakuna. Lavonne alitaka mbwa wabaki ndani ya nyumba. Delmar akasema waachwe garini, kiyoyozi kimewaka, ndivyo watakavyozoea Michigan. Akachomoa waya mrefu mwembamba, ule wa taa za Krismasi, akauvuta kutoka banda la gari, kwenye tundu lilelile linalotumiwa na friza lao. Mtu aliyelala kambini miaka yote hiyo! Kambini nguzo ya umeme ina waya mnene na nguvu nyingi, umezoea kuchomeka tu na kwenda zako, unasahau kwamba nyumbani si kambini.

Nilikuwa napanga vyombo. Pip alikuwa akibweka, nikasema amepita mtu na kofia. Akabweka, akabweka, kisha sauti ikawa nyingine, kisha akanyamaza. Ni ule unyamavu ulionitoa jikoni. Nilipofika karibu na gari sikusikia kiyoyozi. Friza lilikuwa limeanza kuvuta umeme nalo, swichi ikajikata, umeme wote wa lile banda ukafa.

Ufunguo wa nyumba ninao, huwa namwagilia maua yao. Wa gari sina. Nikampigia Lavonne huku nakimbilia bandani, nikainua swichi, ikajikata tena papo hapo. Basi nikachukua mtaimbo wa Delmar ukutani nikauingiza kwenye mlango wa gari na kusukuma kwa hasira zote nilizokuwa nimezihifadhi tangu theluji. Mlango ule hadi leo haufungi sawasawa, na sijaomba radhi.

Joto lililotoka lilinipiga usoni. Pip akaruka nje akaingia chini ya kichaka. Otto alikuwa amelala palepale mlangoni, ulimi nje, hanyanyuki, lakini macho yalinifuata. Sikuweza kumbeba. Nilimvuta kwa miguu ya mbele, akateleza kwenye ubao wa Delmar mpaka kwenye nyasi. Maji ya mpira yalitoka ya moto kwanza kwa jua, nikayaacha yamwagike mpaka yakapoa, ndipo nikamlowesha tumbo na nyayo na masikio.

Walifika na nguo zao za sherehe. Lavonne alikaa chini kwenye tope na gauni lake la maua, akakipakata kile kichwa kikubwa. Delmar alisimama. Aliutazama waya, akaufuata kwa macho mpaka bandani, akarudi nao kwa macho mpaka kwa mbwa.

"Ni mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimsikia kwa shida. "Mimi ndiye niliyeuchomeka."

"Ndiyo," Lavonne akasema. "Ni wewe. Na mimi nilikuambia abaki ndani, ukaniambia anazoea. Hazoei, Delmar! Hajazoea ubao, hatazoea kufungwa mdomo, hatazoea Michigan. Amechoka. Na mimi nimechoka. Nimechoka kuzoea."

Delmar akafungua mdomo. Nilikuwa nimeuokota tena mtaimbo. Akaufunga.

Daktari wa wanyama, ambaye walimpigia simu njiani, alikuja akamtia Otto maji ya dripu palepale kwenye nyasi. Akasema ataishi, ila joto lisimguse tena, wala siku ndefu za barabarani. Otto akamlamba mkono. Michigan ikaishia hapo, hakuna aliyeitaja.

Jioni ile tulikaa jikoni kwao, Otto kwenye vigae na kitambaa chenye maji, Delmar chini sakafuni kando yake na shati lake jeupe limejaa manyoya.

"Lavonne," akasema. "Wewe unataka twende wapi?"

"Umeniambia nichague tangu baridi."

"Najua. Sasa nauliza."

Nikaogopa atasema ile "haya" yake.

"Tobin Fork."

Niliona maneno yakimpanda Delmar kooni, nikamwona akiyameza, na hayakuwa madogo. Lakini mazoea ni mazoea, mawili matatu yakamponyoka.

"Pale hakuna kitu, mama."

"Hicho hicho."

Wakaenda. Gari lilipita nyumbani kwangu mlango umefungwa kwa kamba, Otto amelala kitini mbele, nusu mapajani kwa Lavonne, kichwa dirishani.

Niliwafuata siku chache baadaye na sahani ya kolachi, vile vikate vitamu vya plamu vya bibi zangu. Bustani ni ndogo, miti mikubwa, ghala la nafaka limesimama mwisho wa barabara vilevile kama Delmar alivyolitukana. Yeye alikuwa anachoma soseji, nyeusi upande mmoja, mbichi upande wa pili. Aliponiona nashuka aliweka kidole mdomoni.

"Polepole," akanong'ona, safari hii kweli. "Tangu asubuhi mama hajafanya kitu."

Alinisimulia kwa haraka, akigeuza soseji zake. Walipofika, mzee wa mji alikuja kuwafungulia umeme, na alivaa kofia, kwa hiyo Pip akafanya kazi yake. Yule mzee akamtazama Otto. Delmar tayari alikuwa amebana pumzi, neno Labrado liko ulimini. Mzee akauliza tu, "Anaitwa nani?" Akainama akamkuna masikio, akaenda zake.

Mlangoni, juu ya alama za mtaimbo wangu, niliona ramani. Nebraska ilikuwa na rangi mpya. Kumbe miaka yote ile jimbo letu wenyewe lilikuwa jeupe. Wanaondoka alfajiri, jua linazama wako jimbo la wengine, hawajawahi kulala garini hapa Nebraska.

Otto hakuifikia theluji ya mwaka huo. Lakini siku ile alikuwa amelala kivulini kwenye nyasi za mji, mdomo wazi bila kamba, kidevu juu ya kiatu cha Lavonne. Naye amekaa kwenye kiti. Hasomi, hafumi, mikono mapajani.

Nikaweka kolachi kwenye meza, nikamwinamia.

"Nikuletee kitu, Lavonne? Unahitaji chochote?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kwa muda, kama mtu anayepekua mkoba.

"Hapana," akasema.