Saba kwa Saba

Yule fundi wa kompyuta wa Mohoro, binti wa msuka mikeka, ndiye aliyeifundisha mashine kutabiri mafuriko ya mto Rufiji, na ndiye aliyempotezea mkulima Bi Mwanahawa mpunga wa mwaka mzima. Aliilisha mashine jedwali la vijiji saba kwa siku saba, akaligeuza bila kujua, siku zikakaa mahali pa vijiji. Na kwa kuwa kila upande ulikuwa na saba, mashine haikulalamika. Ikasema Mohoro patakuwa pakavu. Watu wakauacha mpunga shambani, mto ukaubeba.

Tangu hapo Bi Mwanahawa humwona binti huyo barazani kwao, vidole vimejaa chaki, akichora mishale sakafuni. Kila mshale huuandikia utokako na uendako. Unaoishia kwenye siku hauungwi na unaoanzia kwenye kijiji, maana siku si kijiji. Ndivyo alivyoiandika mashine upya. Akikosea sasa, mashine humkatalia, naye huinamisha kichwa kama aliyekemewa na mzazi.

"Mama yako haungi ukili wa mkeka kabla ya kuulinganisha na mwenziwe," Bi Mwanahawa alimwambia. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma, bibi."

Jana binti alimletea Bi Mwanahawa simu. "Kila asubuhi nisomee kipimo cha mto. Taja kijiji, taja siku, ndipo useme namba."

"Na nikitaja namba tupu?"

"Sitaipokea, bibi. Hata ikiwa ni yako."