Jioni Mutinda Aliposimama Wima

Msimu ule Kangundo ilinuka maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha. Harufu ilishuka kutoka kiwandani, ikapita juu ya mabati, ikatulia kwenye kona ambapo Mwaitu, mama yangu, aliuza maparachichi. Mimi niliipenda. Nilikuwa mtoto wa kupenda kila kitu, na zaidi nilipenda saa kumi na mbili jioni, askari wa kituo cha polisi cha ng'ambo ya barabara alipopiga firimbi ya kuteremsha bendera. Soko zima lilinyamaza. Bodaboda zilizimwa, mama wa maharagwe aliganda na kikombe chake cha kupimia mkononi, hata mlevi alijishikilia kwenye nguzo ya stima ili naye asimame vizuri. Kisha ililia firimbi ya pili na kelele zikarudi. Nilidhani nchi ndiyo hiyo, watu wote kutulia pamoja.

Bomba la soko lilikuwa limekauka miezi mingi, tukawa tunateka maji ya mtoni yenye rangi ya chai. Mtoto wa jirani yetu akaharisha, tukamzika. Ndipo vijana wakaanza kukusanyika kwenye kona yetu, wakipeperusha bendera, wakiimba wimbo wa taifa na kudai maji. Kaka yangu Mutinda, mwendesha bodaboda, alijishonea bendera yake kwa vitambaa alivyoomba kwa fundi.

"Mutinda, hiyo bendera ni safi kuliko shati yako!" wenzake wakamtania.

"Sasa shati nitafua na nini? Mate?"

Mwaitu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamshika mkono. "Mwanangu, askari wakikuja, utoroke."

"Mwaitu, nani atapiga mtu ameshika bendera?"

Jioni hiyo lori la askari lilisimama nyuma ya umati. Jua lilikuwa bado juu ya kilima firimbi ilipolia. Ilikuwa amri ya kututawanya, lakini sauti ni ileile tuliyoizoea tangu kuzaliwa. Walioyaona marungu walikimbia. Mutinda, aliyeyapa mgongo, aligeukia mlingoti wa kituo, akaunganisha miguu, akanyoosha mikono. Mama wa maharagwe naye alisimama.

"Kimbia! Wee Mutinda, kimbia!" Mwaitu alipiga kelele.

Hakugeuka hata kichwa. Alikuwa akingoja firimbi ya pili. Rungu la kwanza lilimpata gotini, na mengine yakamkuta chini.

Goti halikupona. Pikipiki iliuzwa, na kaka yangu akawa mtu wa kukaa mlangoni. Bomba nalo lilitoa maji wiki chache likakauka tena, na limekauka hadi leo, ingawa kona sasa ina taa ndefu na maduka ya simu.

Jumamosi iliyopita vijana wa rika langu waliitana pale pale. Mimi bado naota vitu vizuri, naota maji yakimwagika hadi barabarani, watoto wakirushiana. Nilipokuwa nikitoka, Mutinda aliniita.

"Ndinda, uko na raba?"

"Niko nazo."

"Leta mguu."

Akaketi kwenye stuli, mguu wake usiokunjika ukiwa umenyooka mbele yake, akainama kwa taabu na kunifunga kamba za viatu kwa nguvu mpaka zikaniuma. Sisi nyumbani tulilelewa kusimama. Hakuniuliza kama nimebeba bendera.