Posa Isiyofungamana na Upande Wowote

Magazeti ya Washington yalikuwa yameshatangaza kwamba vita baridi vimekwisha, na kwamba wao ndio walioshinda. Hongera zao. Walioandika habari hizo hawakuwahi kula chakula cha mchana kwa ami zangu.

Nilikuwa na ami wawili, kaka zake marehemu baba, wote wamezaliwa Unguja katika nyumba moja na kunyonya ziwa moja. Mwishoni mwa miaka ya tisini mmoja alikuwa akikaa Langley Park na mwingine Adelphi, vitongoji vya Maryland nje ya Washington, mwendo mfupi tu wa basi, na walikuwa hawasemezani tangu ujana wao. Ami mkubwa, baada ya Mapinduzi, alipata nafasi ya kwenda kusomea ujenzi Ujerumani ya Mashariki. Ami wa pili alikuwa mlinzi kwenye kituo cha Wamarekani kule shamba, kile kilichokuwa kikifuatilia vyombo vya angani, na kituo kilipofukuzwa yeye akafuatana nacho. Mkubwa akamwita mdogo wake kibaraka wa mabeberu. Mdogo akamwita mkubwa wake kikaragosi wa makomredi. Baada ya hapo hawakuwa na la kuongeza, wakanyamaza miaka yote iliyofuata.

Utauliza mjamaa alifikaje Maryland. Nchi iliyomsomesha ilikufa kabla yake, na alipotafuta pa kukimbilia, macho yake yakaangukia, kwa bahati mbaya sana, kwa adui. Akawa anaendesha teksi. Kila siku alipita mbele ya ikulu ya mabeberu akiwalaani, na kila siku alipokea bahashishi zao. Ami wa pili naye alituachia tuamini kwamba ana kazi nyeti, ya serikali, ambayo haisemeki mbele za watu. Siku moja nilishuka kwenye maegesho ya magari chini ya jengo moja la mjini nikamkuta amevaa sare, anamwelekeza mtu arudi nyuma, kidogo, kidogo, basi. Nikapita kama sikumwona. Taifa kubwa lazima liwe na siri zake.

Mimi nilikuwa nimekuja kusoma chuo kikuu cha jirani, na nilifuata siasa ya nchi yangu, yaani kutofungamana na upande wowote. Jumamosi nilikula Langley Park, Jumapili nikala Adelphi. Siasa hiyo hunenepesha. Nikisema Adelphi wamepika biriani ya kuku, Jumamosi inayofuata Langley Park wanapika ya mbuzi. Ami mkubwa akinunua televisheni, wa pili ananunua kubwa zaidi, mpaka sebule ya Adelphi ikawa huwezi kupita bila kuomba radhi kwa televisheni. Hakuna kati yao aliyekuwa na muda wa kuitazama.

Kisha nikapata mchumba. Alikuwa kijana wa Mombasa, mfanyakazi wa kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo kule Beltsville, na kazi yake ilikuwa bata mzinga: wanakula nini, wanaugua nini. Nilimpenda. Naliandika wazi hapa kwa sababu siku zile hakuna aliyeniuliza.

Kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kufa, wa kupokea posa yangu walikuwa ami zangu. Posa ililetwa na shangazi yake mchumba, mama wa makamo aliyesafiri kutoka Mombasa kwa kazi hiyo tu, na alikuwa mtu wa taratibu. Alipeleka salamu kwamba anataka kuwaona wanaume wa upande wa binti wamekaa pamoja. Asipowaona pamoja atajua binti anatoka nyumba iliyopasuka, na atarudi kwao na posa yake. Kwa hiyo ndoa yangu ikawa inategemea wazee wawili kukaa kwenye kochi moja.

Nilianza na Langley Park. Ami mkubwa aliuliza kijana anafanya kazi wapi. Nikasema serikalini, lakini kwa bata.

“Majasusi wote huanza na bata,” alisema. “Mwambie hapana.”

Nikaenda Adelphi. Ami wa pili hakujali bata. Aliuliza baba yake kijana ni nani, nikamwambia ni daktari mstaafu, alisomea Moscow. Akatikisa kichwa kama aliyeambiwa kwamba ukoo ule una kifafa. Alisema mambo hayo huingia kwenye damu, na yeye hawezi kuozesha damu yake huko.

Nililia ndani ya basi, silifichi hilo. Kisha nikajifuta uso nikakumbuka nimetoka nchi gani. Sisi ni watu tuliopata nyumba za ghorofa kwa huyu na barabara kwa yule, kwa kumwambia kila mmoja kwamba mwenzake anasitasita. Tena mimi sikuhitaji hata kusema uongo. Nilirudi Langley Park nikasema, kwa unyonge, kwamba Adelphi wameikataa posa kwa sababu baba yake kijana alisomea Moscow. Nikaenda Adelphi nikasema kwamba Langley Park wameikataa. Wiki haikwisha kila mmoja alikuwa amegundua fadhila za kijana yule. Ami mkubwa alisema mtoto wa aliyesoma Moscow hawezi kuwa mbaya. Ami wa pili alisema serikali ya Marekani haiajiri wahuni. Kila mmoja aliapa kwamba siku ya posa atakuja yeye mwenyewe, amwoneshe yule mwingine.

Ilibaki kutafuta pa kukutania. Nilichagua nyumba ya mama mmoja kutoka Moshi, Mkristo, karani wa ubalozi wetu, aliyekaa Beltsville. Ukutani alikuwa na picha ya Yesu, na hakuna ami aliyeweza kudai kwamba hiyo ni ardhi yake.

“Wewe relax, mdogo wangu,” aliniambia tukikaanga sambusa. “Hao wazee nita-handle mimi.”

Taratibu zetu zinataka anayeposwa asionekane, kwa hiyo nilikaa jikoni nyuma ya pazia. Ami mkubwa alikuja na suti yake ya Ujerumani. Ami wa pili alikuja na kanzu mpya, na viatu vilivyopigwa rangi. Wakakaa kila mmoja mwisho wake wa kochi. Ami mkubwa akafungua kwa hotuba ndefu ya kumtetea kijana. Ami wa pili akajibu kwa hotuba ndefu zaidi ya kumtetea kijana. Nilichungulia nikaona nyuso za watu walioibiwa. Walikuwa wamekubaliana na hawakujua wafanye nini.

Nilikuwa karibu kucheka pale shangazi alipouliza swali lake.

“Mumesema vizuri, wazee wangu,” alisema. “Sasa nambiani, babake binti alikuwa mtu wa namna gani? Maana twaingiliana damu.”

Ami mkubwa akakohoa. Akasema alikuwa mtoto mzuri. Ami wa pili akasema alipenda mpira. Wakaishia hapo, kwa sababu walimwacha angali mtoto, na hata kwenye maziko yake hawakuja: kila mmoja alisikia kwamba mwenziwe huenda akaenda. Wangeweza kukueleza urefu wa makombora ya nchi ambamo hawakuzaliwa. Hasira zilinipanda.

Nikajitanda kanga, nikatoka na sinia la sambusa mkononi. Mwenyeji wangu alinishika mkono, nikamponyoka.

“Alikuwa karani wa bandari,” nilimwambia shangazi. “Hakwenda kusoma popote, maana lazima mmoja abaki na mama yao. Bibi alipopofuka, kila jioni alimwomba baba afungue redio. Kwanza Kiswahili cha Berlin, kikisha Kiswahili cha Washington. Siasa hakuijua hata moja. Alikuwa akisikiliza kama wanawe watatajwa.”

Shangazi aliuliza kama walitajwa.

“Hawakutajwa. Lakini bibi alikuwa akisinzia, na akizinduka baba anamwambia wametajwa sasa hivi, wote wawili, wazima, na wako pamoja. Alimwambia hivyo mpaka siku bibi alipokufa.”

Shangazi akachukua sambusa moja, akaishika tu. Alisema basi, ameshajua alikuwa mtu wa namna gani, na damu hiyo anaitaka.

Posa ikapokelewa pale pale. Ami zangu walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja mwisho wake wa kochi, na hakuna aliyewauliza tena.